Kwa Nini Ndege Hukimbia Mbio Ndefu Zaidi Mbeya Kuliko Dar es Salaam

Bila shaka, ndugu msomaji, umewahi kusimama na watoto wako karibu na uzio wa kiwanja cha ndege, mkitazama chombo chenye uzito wa tani nyingi kikikimbia, kikiinua pua, kisha kikaiacha ardhi kana kwamba hakina uzito wowote. Hapo watoto huuliza swali moja: "Kinashikiliwa na nini?" Wazazi wengi hujibu kwamba ni injini, wengine husema ni upepo, na mazungumzo huishia hapo.

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe laweza kuandikwa kwa mstari mmoja wa hesabu. Tena, kwa wakazi wa Mbeya na Iringa hesabu hiyo si jambo la darasani tu. Hiyo ndiyo huamua ndege iondokayo Songwe au Nduli ichukue mzigo kiasi gani, na ikimbie umbali gani kabla ya kupaa. Mwaka 1974, katika nchi jirani ya Kenya, sehemu moja ya hesabu hiyo ilipopungua, watu 59 walipoteza maisha. Hebu basi tuitazame hatua kwa hatua.

HEWA INA UZITO

Watu wengi hudhani kwamba hewa ni utupu. Sivyo. Chukua mfano wa sebule yenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3, yaani mita 60 za ujazo. Mjini Dar es Salaam, siku yenye joto la nyuzi 30, hewa iliyomo katika sebule hiyo ina uzito wa kilo 70 hivi, sawa na mtu mzima. Sebule kama hiyo ukiijenga Mbeya mjini, kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, siku yenye joto la nyuzi 22 hewa yake itakuwa na uzito wa kilo 58 tu.

Kilo 12 zimekwenda wapi? Hewa ya chini hugandamizwa na hewa yote iliyo juu yake, kama vile gunia la chini ghalani linavyogandamizwa na magunia yaliyopangwa juu yake. Kadiri unavyopanda mlimani, ndivyo magunia ya juu yanavyopungua, na hewa uliyomo hulegea na kuwa nyepesi. Joto nalo huitanua hewa na kuifanya nyepesi zaidi. Kina mama wa Mbeya wanalijua jambo hili jikoni, hata kama hawajalitaja kwa jina: maji huko huchemka yafikapo nyuzi 94 hivi badala ya 100, na ndiyo maana maharage huchelewa kuiva.

Uzito wa hewa iliyomo katika mita moja ya ujazo huitwa densiti. Mpendwa msomaji, likumbuke neno hilo, kwani ndilo kiini cha habari yetu.

BAWA NA HEWA

Shika kipande cha karatasi ngumu ya boksi siku ya upepo, mathalani pale Makambako, mji ujulikanao kwa upepo wake mkali. Ukikilaza sawasawa na upepo, hutahisi kitu kikubwa. Ukiinua kidogo ukingo wake wa mbele, mara moja utahisi mkono wako ukivutwa juu. Ukiuinua kupita kiasi, kipande hicho hakitainuka tena vizuri. Kitatetemeka na kukusukuma nyuma. Katika mambo hayo matatu umekwisha kujifunza sehemu kubwa ya elimu ya mabawa.

Bawa la ndege hufanya kazi hiyo hiyo, isipokuwa limeundwa kwa ustadi zaidi. Mgongo wake umepinda, na limeinuliwa kidogo upande wa mbele. Hewa inapopita hufuata umbo la bawa, na inapoliacha huwa imeelekezwa chini. Mwanasayansi Isaac Newton wa Uingereza alieleza mwaka 1687 kwamba kila nguvu ina nguvu nyingine iliyo sawa nayo, inayoelekea upande ulio kinyume. Bawa likiisukuma hewa chini, hewa nayo hulisukuma bawa juu. Malipo ni papo kwa papo.

Jambo hilo laweza kuelezwa pia kwa njia ya pili. Hewa ipitayo juu ya mgongo wa bawa huenda kasi zaidi, na kanieneo yake, yaani nguvu ya kugandamiza kila sehemu ya eneo, hupungua. Hewa ya chini ya bawa hugandamiza zaidi kuliko ile ya juu, na tofauti baina ya hizo mbili ndiyo hulinyanyua bawa. Uhusiano huo wa kasi na kanieneo ulielezwa na Daniel Bernoulli wa Uswisi katika kitabu chake cha mwaka 1738. Wapo wanaobishana kama mwenye haki ni Newton au Bernoulli. Ubishi huo hauna msingi, kwani hao ni mashahidi wawili wa tukio moja; kila mmoja anaeleza alichokiona kutoka upande wake, na wote wawili wanasema kweli.

Ukitaka kuwaonyesha watoto nyumbani, fungua bomba la maji yatiririke taratibu. Shika kijiko kwa ncha ya mpini, kining'inie, kisha ukisogeze mpaka mgongo wake uguse maji. Utaona maji yakiufuata mgongo wa kijiko na kupinda kuelekea upande mmoja, huku kijiko kikivutwa upande wa pili. Maji si hewa, lakini sheria ya kulipana nguvu ni ile ile.

JIBU LISILO SAHIHI

Kuna maelezo mengine ambayo yameenea sana, hata katika vitabu kadhaa vya shule duniani. Husemwa kwamba hewa ikigawanyika mbele ya bawa, ile ya juu ina safari ndefu zaidi kwa sababu ya mpindo, hivyo hulazimika kukimbia ili iwahi kukutana na mwenzake wa chini kwenye ukingo wa nyuma. Maelezo hayo yanapendeza masikioni, lakini si kweli. Hewa hizo mbili hazina miadi ya kukutana. Wataalamu walipopitisha moshi juu na chini ya bawa ili waone mwendo wake, waliona kwamba hewa ya juu hufika mapema kuliko ya chini, haiingoji. Isitoshe, kama mpindo wa mgongo ungekuwa ndio sababu pekee, basi ndege za maonyesho zisingeweza kuruka zikiwa zimepinduka. Nazo huruka.

Basi mtoto wako akirudi na maelezo hayo kutoka shuleni au mitaani, usimkaripie. Mpe karatasi ngumu, mtoe nje kwenye upepo, naye atajionea mwenyewe.

MSTARI MMOJA WA HESABU

Sasa tuifikie hesabu. Wataalamu wameipanga hivi:

Nguvu ya kuinua = nusu × densiti ya hewa × kasi × kasi × eneo la mabawa × namba ya bawa.

Eneo la mabawa halihitaji maelezo marefu: bawa pana hushika hewa nyingi. Kasi inayotajwa hapa ni kasi ya ndege dhidi ya hewa, si dhidi ya ardhi. Ndiyo maana rubani hupenda kuondoka akiukabili upepo, kwa kuwa upepo wa mbele humpa kasi ya bure. Angalia pia kwamba kasi imeandikwa mara mbili. Maana yake ni kwamba kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya kuinua huwa mara nne.

Namba ya bawa ndiyo inayobeba habari za umbo na mwinamo. Bawa likiinuliwa kidogo mbele, namba huongezeka. Likiinuliwa kupita kiasi, hewa hushindwa kuufuata mgongo wake, huachana nalo kwa vurugu, na namba huporomoka ghafla, kama tulivyoona kwa karatasi ya Makambako. Wakati wa kuondoka na kutua, rubani huongeza namba hiyo kwa kuteremsha vibao vilivyo kwenye kingo za bawa. Vile vya nyuma huitwa flapu. Ukikaa dirishani utaviona vikitoka taratibu. Mwewe naye hufanya vivyo hivyo anapotaka kutua: hutanua mabawa na mkia, akaukunja mwili wake dhidi ya upepo.

Hesabu hii haikupatikana kwa siku moja. Ndugu wawili Wamarekani, Wilbur na Orville Wright, waliporusha kiparapara chao kisicho na injini mwaka 1901, walikuta kwamba kinainua theluthi moja tu ya kile walichokikadiria. Badala ya kukata tamaa walitengeneza sanduku la kupitisha upepo, wakapima humo maumbo mengi ya mabawa madogo. Waligundua kwamba namba mojawapo, iliyokuwa ikitumiwa na wahandisi tangu karne ya 18, ilikuwa imekosewa: iliandikwa 0.005, nayo ilipasa kuwa karibu na 0.0033. Walisahihisha hesabu zao kwanza, kisha, tarehe 17 Desemba 1903, wakaruka kwa injini.

TWENDE SONGWE

Tuchukue sasa ndege ya aina ya Dash 8-400, ile yenye mapanga mawili ambayo Shirika la Ndege la Tanzania huitumia katika safari za ndani. Mabawa yake yana eneo la mita za mraba 63 hivi. Kwa ajili ya zoezi letu, tuseme namba ya bawa wakati wa kupaa ni 1.6, na kasi ni mita 65 kwa sekunde, yaani kilomita 234 kwa saa. Marubani wana majedwali yao yaliyo kamili zaidi, lakini namba hizi zatosha kutuonyesha njia.

Dar es Salaam, katika joto la nyuzi 30, densiti ya hewa ni kilo 1.16 hivi kwa mita ya ujazo. Zidisha namba zote, utapata nguvu inayoweza kubeba tani 25 na ushei.

Kiwanja cha Songwe kipo mita 1,300 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Mchana wenye joto la nyuzi 27, densiti ya hewa huko huwa karibu na kilo 1.00. Ndege ni ile ile, mabawa ni yale yale, kasi ni ile ile. Lakini ukizidisha utakuta kwamba sasa nguvu hiyo inaweza kubeba tani 21.7 tu. Tani 3.5 hivi zimepotea. Hizo ni sawa na abiria zaidi ya 30 pamoja na mizigo yao, katika ndege yenye viti 76.

Rubani afanye nini? Urefu wa kiwanja hawezi kuuongeza, na mabawa hawezi kuyarefusha. Lililobaki mkononi mwake ni kasi. Akiifikisha mita 70 kwa sekunde, yaani kilomita 252 kwa saa, zile tani 25 zitainuka kama zilivyoinuka Dar es Salaam. Lakini kasi hiyo hailetwi bila gharama. Kama Dar es Salaam ndege ilihitaji mita 1,200 za kukimbia, hapa itahitaji karibu mita 1,400, hata kama injini zingekuwa na nguvu ile ile. Nazo hazina nguvu ile ile, kwa kuwa injini pia huvuta hewa, na hewa ya milimani ni nyepesi kwa injini kama ilivyo nyepesi kwa bawa. Kwa hiyo mbio huwa ndefu zaidi ya hapo.

Kiwanja cha Nduli, Iringa, kipo juu zaidi kidogo, kwa zaidi ya mita 1,400, hivyo kanuni hiyo hiyo inakihusu. Alfajiri ya baridi mambo huwa nafuu. Songwe, katika joto la nyuzi 10, densiti hupanda hadi karibu 1.06, na ndege huinuka kwa wepesi zaidi kuliko saa nane mchana.

MILIMA HAIKUANZA LEO

Marubani wa kwanza kuvuka Afrika walilijua jambo hili kwa uchungu. Mwezi Machi mwaka 1920, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand wa Afrika Kusini walikuwa wakisafiri kutoka London kwenda Cape Town kwa ndege kubwa ya aina ya Vickers Vimy. Walipoondoka Bulawayo, mji ulio katika kimo kinachokaribiana na cha Songwe, ndege yao ilishindwa kupanda, ikaanguka karibu na kiwanja. Wenyewe walinusurika, wakapata ndege nyingine ndogo, wakamaliza safari mwezi huo huo.

Mbeya yenyewe iliingia katika ramani ya usafiri huo mapema. Shirika la Uingereza lililoitwa Imperial Airways lilipofungua safari za kwenda Cape Town mwaka 1932, Mbeya ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, baada ya Moshi na Dodoma. Kiwanja cha zamani cha mji wa Mbeya kilikuwa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima ilikuwa imekizunguka karibu. Kiwanja cha Songwe, kilichofunguliwa Desemba 2012 magharibi mwa mji, kipo chini zaidi kwa mita 300 na ushei, na njia yake ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita tatu. Wapo waliojiuliza kwa nini mji wa Mbeya ukahitaji njia ndefu kiasi hicho, na tena mbali na mjini. Sehemu kubwa ya jibu, msomaji, unayo sasa: mita 300 za kushuka zimeongeza densiti, na kilomita tatu za lami zimetoa nafasi ya kupata kasi.

ASUBUHI YA NAIROBI

Tarehe 20 Novemba 1974, ndege aina ya Boeing 747 ya shirika la Lufthansa la Ujerumani ilijiandaa kuondoka Nairobi kwenda Johannesburg. Ndani yake walikuwamo watu 157. Kiwanja cha Nairobi kipo mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Flapu za nyuma zilikuwa zimeteremshwa. Lakini vibao vya ukingo wa mbele wa bawa, ambavyo huendeshwa kwa hewa itokayo kwenye injini, vilikuwa havijafunguka, kwani mfumo wa hewa hiyo ulikuwa haujawashwa. Hapakuwa na kengele ya kuwaonya marubani juu ya kasoro hiyo.

Ndege iliinua pua, ikaacha ardhi, ikaanza kutetemeka. Densiti ilikuwa ndogo kwa sababu ya kimo. Namba ya bawa ilikuwa pungufu kwa sababu ya vibao. Kasi iliyobaki haikutosha kulipa deni hilo mara mbili. Ndege ilianguka mbele kidogo ya mwisho wa njia ya kurukia na kushika moto. Watu 59 walikufa, na 98 walinusurika. Ilikuwa ajali ya kwanza ya vifo kwa ndege za aina hiyo. Baadaye waundaji wa ndege hizo waliongeza mitambo ya kuwaonya marubani iwapo vibao hivyo havijafunguka.

Ukiitazama ajali hiyo utaona kwamba hesabu ile haisamehe. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Katika kujumlisha, upungufu wa mmoja huweza kubaki peke yake. Katika kuzidisha, upungufu wa mmoja hupunguza kazi ya wote.

MSAFIRI AFAHAMU NINI

Yapo mambo ambayo abiria hulalamikia uwanjani. Huambiwa kwamba mizigo mingine itafuata kwa ndege ya kesho. Huona kila sanduku likipimwa kwenye mizani, na kilo za ziada zikikataliwa. Mara nyingine husikia kwamba ndege haikujazwa, ingawa viti vilikuwapo na watu walikuwapo.

Ni kweli kwamba abiria anayo haki ya kuelezwa sababu, tena kwa lugha ya heshima, na si kila ucheleweshaji husababishwa na hewa. Hata hivyo, mfanyakazi anayekataa kuongeza mizigo mchana wa joto huenda anatetea maisha ya aliyemnunia. Gunia la mchele wa Kyela lililobaki litakuja kesho. Ndege iliyokosa nguvu mwishoni mwa lami haina kesho.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakayosafiri na watoto kutoka Songwe au Nduli, waketishe karibu na bawa kama nafasi inaruhusu. Waonyeshe flapu zikishuka kabla ya mbio. Waambie wahesabu sekunde tangu injini zingurume mpaka magurudumu yaiache ardhi. Mkiondoka Dar es Salaam kwa ndege ya aina ile ile yenye mzigo ule ule, wahesabu tena. Sekunde zitakazozidi huku milimani ndizo malipo ya kimo cha nchi hii nzuri. Nao wakiuliza ni nani aliyepanga malipo hayo, waandikie ule mstari mmoja kwenye karatasi na kuwaachia kalamu wazidishe wenyewe.